Taa Mbili, Mrashi Mmoja na Mke Aliyenihama

Langoni, Jumatatu asubuhi

Kwa Ami yangu Bwana Bakr, ambaye kabla ya kuwa mkwe wangu alikuwa ndugu wa baba yangu, na kwa hivyo hana budi kunisikiliza mara mbili.

Assalamu alaykum. Natumai umeamka salama na goti limepoa. Najua kutoka kwangu hadi kwako Wiyoni si mwendo, na ningeweza kuja kuyasema haya kwa mdomo. Lakini bintiyo Fahima yuko kwako tangu Alhamisi, nikaona heri karatasi itangulie.

Nashtaki. Mke wangu amenihama kwa sababu ya sabuni ya vyombo. Naomba umwite, umuonye, na umrejeshe nyumbani kabla ya Ijumaa, aniombe radhi. Sababu zangu ni hizi:

1. Kama ujuavyo, gari langu huishi ng'ambo, Mokowe, kwa kuwa vichochoro vyetu punda wawili tu wakikutana ni mashaka. Jua na chumvi vimezigeuza taa zake za mbele zikawa manjano kama samli. Nikaagiza nailoni ngumu ya kubandika juu yake, ya kuzikinga. Maelezo yalisema kazi ifanyiwe nyumbani, mahali pasipo upepo wala vumbi. Sasa Ami, gari halifiki nyumbani. Nikazifungua taa, nikavuka nazo kwa boti nimezipakata. Mtu aliyefuata maelezo kiasi hiki ana lawama gani?

2. Katika nyumba yangu, pasipo upepo ni chumba cha ndani peke yake, na Fahima alikuwa amekitandika kwa maulidi ya wanawake siku hiyo hiyo. Nilimuomba kwa upole wageni wakae ukumbini. Akanijibu, "Nyumba hini haitutoshi, mimi na mataa yako." Nimenukuu neno kwa neno uone ninayoyastahimili. Nikahamia ghorofani, penye upepo, nikajifunika shuka, mimi na taa.

3. Nailoni haibandikwi kavu. Hunyunyiziwa maji ya sabuni kwanza, ipate kuteleza mpaka ikae sawa, ndipo maji husukumwa nje kwa kipande cha plastiki. Chombo cha kunyunyizia sikuwa nacho. Lakini nyumba ya Lamu haikosi mrashi, na wetu ule wa fedha, wa marehemu nyanya, hutoa matone laini ajabu. Marashi yaliyokuwamo niliyahifadhi kikombeni. Kwamba mtu alikuja akakitia kikombe hicho maziwa, hilo simo.

4. Wakati wa kuwanyunyizia wageni marashi ulipofika, Fahima alinyunyiza. Hakunusa kwanza. Miaka kumi na tisa katika ndoa, na hanusi mrashi wake. Wageni thelathini na kitu wakapata sabuni ya limau vichwani na machoni. Jirani yetu Bi Mardhiya alikuwa amekunjua viganja kupokea, akajipaka uso mzima. Nasikia povu lilionekana. Wanasema nimewadhalilisha. Mimi nauliza, usafi si katika imani? Ni maulidi gani mengine ya mtaa huu ambayo watu walitoka safi kuliko walivyoingia?

5. Fahima akaubeba mrashi akaja nao kwako, na taa ya kulia ilikuwa bado haijaguswa. Nikaibandika kwa kikombe na vidole. Ina vipovu kumi na saba. Hayo ndiyo matokeo ya mke kuondoka na vifaa vya kazi.

Kwa hivyo, zaidi ya kumuonya, ningependa wazee wakae walitazame jambo hili kwa upana. Kwa kuwa barabara haifiki Langoni wala haitafika, kila chumba cha ndani kihesabiwe gereji siku zisizo za maulidi wala arusi, na kila mrashi unuswe mbele ya mashahidi wawili. Fahima akiyakubali haya, mimi nimeshasamehe. Sina kinyongo. Nalala vizuri na nakula vizuri; jana nilikula mkate wa mofa na chai, na juzi pia, na siku ya kabla yake.

Nisalimie mkeo, ambaye naambiwa macho yameacha kumuwasha, na watoto wote, na kila atakayeniulizia, hata asiyeniulizia.

Mimi mwanao, niliyedhulumiwa,

Hussam

Baada ya kuandika: Jana nilivuka Mokowe nikazirudisha taa. Nikawasha gari, nikakaa ndani nusu saa. Sikuwa na pa kwenda. Gari lile halijapata kwenda popote ila kumpeleka Fahima kwa dadake Witu. Ami, usimuonye. Siku ile alikuja juu mara tatu kuutafuta mrashi, na mara ya tatu nilitoa mkono chini ya shuka nikampa mimi mwenyewe, nikijua kilichomo, kwa sababu nailoni ya kushoto ilikuwa imeanza kushika na sikutaka kuinuka kuuosha. Akaniambia ahsante. Nakuja leo baada ya alasiri kumuomba radhi, na akitaka iwe mbele ya wageni wote thelathini, waite.