Siku Sinki Liliposhuka Kituo cha Sita

Sogeeni, enyi mliowahi kukaa bega kwa bega na mtu saa nzima bila kuijua hata sauti yake. Tulieni niwasimulie asubuhi ile mgeni asiyetazamiwa alipoingia behewa la tatu, amekumbatia sinki la jikoni kama mfalme na ngao yake.

Humo alikuwa amepiga kambi Jicho Kali, simba wa lenzi, mhitimu wa chuo cha filamu wa miezi miwili tu, aliyeapa kuuonyesha ulimwengu upweke wa wasafiri wa kila siku. Silaha yake ilikuwa moja: picha ya dakika nne isiyokatwa, kamera imetulia tuli, abiria wameinamia simu zao, hakuna sauti ila ya reli. Mara tano alishambulia, mara tano akarudishwa nyuma, mara kwa chafya, mara kwa bwana aliyeipungia kamera mkono. Kibali chake kingeisha saa sita mchana. Hii ilikuwa safari ya mwisho.

"Hamjambo humu?" mgeni akanguruma.

Behewa zima likazidi kuinamia simu.

"Huyu atatuharibia upweke wetu," akanong'ona dada yake Jicho Kali, mlinzi wa maikrofoni.

Mgeni, fundi bomba kwa kazi, akaketi katikati kabisa ya picha. "Mwanangu, vibao sivioni vizuri, na jana sikulala. Nishtue kituo cha sita. Binti yangu anahamia kwake leo, ananingoja pale. Nikipitiliza, treni ya kurudi ni jioni."

"Nakuahidi, mzee wangu," akatamka shujaa, mkono kifuani. "Hata reli zing'oke, nitakushtua."

"Ziking'oka hatutafika. Wewe nishtue tu."

Akalala papo hapo, shavu juu ya sinki.

Na hapo, enyi wasikilizaji, upweke wenyewe ukashuka na kuketi behewani. Jicho Kali akawasha kamera. Dakika ya kwanza, hakuna aliyeinua kichwa. Dakika ya pili, mwanga wa dirisha ukapita juu ya nyuso zote bila kumwamsha yeyote. Dakika ya tatu, mama mwenye kilemba cha kijani akaitazama sura yake kwenye kioo kama anayemtafuta mtu aliyemsahau. Hata dada, mwenye moyo wa chuma, akafuta chozi.

Sekunde ishirini kabla ya ushindi, breki zikalia. Kituo cha sita. Na milango ya treni ile hufunguka kwa sekunde kumi na tano tu.

"Ishirini tu, mdogo wangu," dada akasihi.

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi kabla hajalala vizuri hivi."

Jicho Kali akaingia ndani ya picha yake mwenyewe, mgongo wake ukaijaza lenzi kama mlima, akamgusa mzee bega. "Mzee wangu, ni hapa."

Sinki likakwama kati ya viti. Vichwa vikainuka.

"Shika huko, mimi nishike huku," akaamuru mama mwenye kilemba. "Na wewe wa kamera, usisimame kama nguzo."

Likapita juu ya magoti, juu ya mabega, mikono kwa mikono, kama jeneza la jemadari, ila mwenyewe hai akilifuata nyuma akiomba radhi. Milango ikajifunga nyuma ya kisigino chake.

Picha ile haikupigwa tena. Lakini iandikwe, na vizazi visome: sinki lilishuka salama, na fundi wake, kituo cha sita, si cha saba.