Korongo Ana Picha, Dafroza Hana

Nyakatuntu,
Karagwe.
Agosti, 1987

Kwa Katibu Kata,
Ndugu Telesfori.

YAH: NDEGE KUPIGWA PICHA ILHALI BINADAMU TUPO

Ndugu Katibu,

Marahaba. Naanza na marahaba kwa sababu wewe ni mtoto wa dada yangu, na tungekutana njiani ungeniamkia kabla sijafungua mdomo. Baada ya hapo udugu tuuweke kando, maana leo nakuandikia wewe kama Serikali. Huku hatujambo. Kahawa haijambo kiasi. Wadudu wa migomba ndio hawajambo kuliko sisi sote.

Malalamiko yangu yanamhusu Bwana Shamba wetu, Ndugu Egbert Byabato. Huyu aliletwa hapa atuelekeze mambo ya kahawa. Ni kijana mpole na sina ugomvi na mpole. Lakini ana kamera, na kamera hiyo haipigi watu. Inapiga ndege wa porini. Hakutumwa na ofisi, hauzi, hapeleki popote. Anasema ni mapenzi yake tu, kama wengine wapendavyo mpira. Nimevumilia vya kutosha, na sasa nayaleta kwako kwa mpangilio:

1. Korongo mwenye taji anayeshinda bondeni chini ya kibanja changu ana picha. Nimeziona ukutani kwa Bwana Shamba kwa macho yangu haya. Amesimama, amegeuka, ametandaza mabawa, na nyingine anajikuna. Marehemu mke wangu Dafroza, aliyezaliwa hapa, akabatizwa hapa, akachangia kila mchango wa Kata hata ule wa daraja ambalo mpaka leo tunavuka kwa kukunja suruali, amezikwa hana picha hata moja. Korongo hajawahi kuchangia chochote.

2. Wala si kwamba Dafroza hakuomba. Aliomba, mwaka juzi, kwa adabu zote. Alivaa gauni lake la kwaya, akajipaka mafuta mpaka kwenye viwiko, akasimama kando ya mgomba, mikono imenyooka kama inavyotakiwa. Bwana Shamba akasema mama samahani, filamu imebaki kidogo na kuna ndege namngojea. Ndege gani huyo wa kungojewa, Katibu? Ameahidi kuja? Dafroza alicheka akarudi jikoni. Lakini siku hiyo ndizi ziliungua, na mke wangu hakuwa mtu wa kuunguza ndizi.

3. Kuhusu mazishi. Unajua siku hizi watu wa kanisani wanataka picha ya marehemu iwekwe mezani, pembeni maua, ili wanaotoka mbali wamwone wanayemlilia. Tulipekua nyumba nzima. Picha iliyopatikana ilikuwa ile yangu ndogo niliyopigwa kwa ajili ya kadi ya Chama. Wanakwaya wakasema meza haiwezi kukaa tupu, wakaiweka. Jamani! Ndugu wa Nyakahanga waliingia wakalia wakitaja jina langu. Mmoja alisema nilikuwa mtu mwema, jambo ambalo hajawahi kuniambia. Niliposimama kutoa shukrani, shemeji yake jirani Celestin alianguka, na wanaume wawili walipitia dirishani. Sikuweza kulia siku ya kumzika mke wangu kwa sababu nilikuwa nashughulika kuwathibitishia watu kwamba mimi ni mzima. Hilo linaniuma mpaka leo, na nalisema wazi.

4. Namna anavyozipata hizo picha. Bwana Shamba anatambaa kwa tumbo. Mwajiriwa wa Serikali, mwenye soksi! Anajifunika majani makavu ya migomba na kulala kimya mpaka ndege amzoee. Sisi tuliokaa mpakani wakati wa vita tunajua mtu anayetambaa kwenye migomba maana yake ni nini. Jirani yangu Mukashema alimkanyaga akienda kukata majani ya kufunikia chungu. Maharage aliyaacha motoni akakimbia mpaka kwa mgambo, na mgambo, badala ya kuja, nao wakakimbia.

5. Huyo korongo ni muziro wa ukoo wetu. Hili huhitaji kuelezwa, mama yako ni wa ukoo huo. Hatumli, hatumpigi, hatumtupii jiwe hata akila mbegu. Kwa hiyo kimila ni ndugu yetu. Sasa mtu wa ukoo mwingine anapataje kutundika ndugu yetu ukutani bila kuuliza wazee? Na akiwa ndiye ndugu pekee mwenye picha, je, siku nikifa mimi na kadi imepotea, mtaweka korongo mezani? Nakuuliza wewe, kwa maana utakuwa mstari wa mbele na utatakiwa kulia.

6. Nimefikiria jambo hili mbali zaidi, ndipo nikaingiwa na hofu kwa ajili ya taifa. Sisi tukipigwa picha huwa ni kwa sababu ya kadi au hati ya kusafiria. Ndege sasa wanazo picha. Bado kadi tu. Na hawa wanavuka kwenda Rwanda asubuhi, wanarudi jioni, hakuna anayewauliza. Kesho watapata kadi, keshokutwa watagombea. Korongo akigombea ubalozi wa nyumba kumi huku kwetu atashinda, maana anaonekana kijijini kuliko balozi tuliye naye na hadai pombe. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Kwa sababu hizo naomba Kata ipitishe kwamba hakuna ndege atakayepigwa picha mpaka binadamu wote waishe. Tuanzie kwa wazee, kisha wajane, kisha wenye mimba kwa sababu wale ni wawili kwa filamu moja. Ndege watangoja zamu yao. Kama ni mwewe anayekula vifaranga, huyo apigwe picha mapema, ila ya polisi.

Sheria ikishindikana, nina ombi dogo, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Sura ya Dafroza imeanza kunitoka. Nafumba macho naona kilemba, naona mkono unaopepeta, uso siupati. Naogopa, Katibu. Nimewaza hivi: dada yake Auleria anafanana naye kuanzia pua kwenda juu. Binti yetu Immaculata ni yeye mtupu kuanzia pua kwenda chini. Bwana Shamba aamriwe kuwapiga picha wote wawili, kila mmoja nusu yake, kisha mtu mwenye mkasi mzuri aziunganishe. Auleria amekubali. Immaculata analia tu, lakini ataacha, maana nimemwambia picha ikitoka analia hatafanana. Mama yake hakuwa mtu wa kulia. Hilo likifanyika nitamsamehe Bwana Shamba na ndege wake wote, isipokuwa kunguru.

Nisalimie mama yako, mkeo, watoto, na yule karani wako anayeniambia kila nikija nije kesho. Mwambie kesho hiyo imefika.

Ni mimi mjomba wako kwa damu na raia wako kwa shida,
Anastazi Rwegoshora.

Tanbihi: Katibu, usiisome barua hii. Kama umeshaisoma, ichane.

Nilikuwa natafuta gundi ya kufungia bahasha alipofika Bwana Shamba mwenyewe. Filamu zake za zamani zimerudi kutoka Bukoba zilikokuwa zinasafishwa, akaniletea nione ndege ili moyo wangu ulainike. Nimeona mnana, nimeona mnana mwingine, nikawa natafuta tusi la heshima la kumpa. Ndipo akatoa moja akaiweka chini, akisema hii imeharibika. Ni mnana anakula mtama wetu jamvini. Nyuma yake yuko Dafroza.

Hakuvaa gauni la kwaya. Kanga inamvuka, ameinua ufagio, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana. Watu watadhani anamfukuza ndege. Hapana, Katibu, macho hayako kwa ndege. Ananigombeza mimi, niliyeachiwa mtama niulinde nikalala. Nimeusikia ule ukali wake humu chumbani. Nikamwambia haya mke wangu, naamka, na nikalia mbele ya mtumishi wa Serikali bila aibu yoyote.

Muache Bwana Shamba atambae anapotaka, na Mukashema nitampa maharage mengine. Kijana ameniomba radhi sana. Anasema pale alikosea, alitakiwa angoje mpaka mama apite, sasa picha haifai kwa sababu ndege hakutokea vizuri na nyuma kuna mtu. Ameahidi kuniletea safi zaidi, yenye ndege peke yake. Nimemwambia asihangaike, aniachie hiyo hiyo iliyoharibika.