Kofia ya Kifaru cha Mama Mkwe

Jumatatu, 19 Januari

Mama mkwe ameniita. Nimeenda shingo upande, nikijua ni lawama za lile paa la jikoni nililomwahidi mwaka wa 2019. Kumbe si paa! Amenipa picha ya marehemu baba yake, mzee Njagi, akiwa askari huko Burma, amesimama kando ya kifaru cha vita. Ndiyo picha pekee aliyo nayo. Amesikia kwamba naunda vifaru vidogo kwa maboksi. Jumamosi anatimiza miaka themanini na ukoo wote utakuwepo. Anataka kifaru kile kile. Ana mtoto wa jicho, picha haioni tena, lakini kitu cha kushika atakiona kwa vidole.

Miaka kumi na miwili tangu nimuoe Njoki, huyu mama hajawahi kuniomba kitu mara mbili. Alivyoniomba mwanzo sikuvileta. Hiki nikikosa, hataniomba tena, na nimeisikia hiyo katika sauti yake. Nimeahidi. Nimechoka hata kabla sijaanza.

Habari njema: juu ya kabati nina kifaru aina ya Grant nilichokimaliza mwaka juzi. Ni kupangusa vumbi tu. Kazi imekwisha!

Jumanne, 20 Januari

Kazi haijaisha.

Nilituma picha kwenye kikundi chetu cha simu, sisi watu wa Embu na Meru tunaounda vifaru badala ya kulala. Kirimi, mpima ardhi mstaafu wa Kinoru, alijibu baada ya dakika mbili. Kifaru cha mzee ni Lee, si Grant. Mwili ni ule ule. Tofauti iko kwenye kichwa, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga wake. Grant ina kichwa kikubwa kisicho na kitu juu. Lee ina kichwa kidogo cha mviringo, na juu yake kikofia cha chuma ambamo kamanda hutoa kichwa kuchungulia nje.

Nikasema hicho kikofia ni doa la chai. Kirimi akaandika, "Wacha uvivu, Mutembei. Chai gani iko na kivuli?" Watu wanne wakatuma vicheko. Kikundi kina watu watano, na mmoja ni mimi.

Nimezima simu.

Jumatano, 21 Januari

Nimeamua Grant itaenda hivyo hivyo. Mama haoni. Nilimweleza Njoki mpango huu akiwa anachambua maharagwe. Aliacha kuchambua. Akasema mama alisimuliwa habari za kofia ile tangu utotoni. Babu alikuwa akitembea nyuma ya kifaru huku macho yake yako kwenye kofia. Akimwona kamanda mzungu ameingiza kichwa, naye analala chini. "Ndiyo maana alirudi nyumbani, Baba Maxine. Mama atatafuta hiyo kofia kwanza."

Basi, kofia. Vichwa vya mviringo huwa naviunda kwa ganda la makadamia lililokatwa nusu. Hakuna kitu kinachofaa kama hicho. Nimetafuta mfuko wangu wa maganda. Njoki aliyachoma yote tangu Krismasi, anasema yanawaka kuliko makaa. Na serikali imefunga msimu, hakuna kuvuna mpaka yakomae. Runyenjes nzima huwezi kupata kokwa moja sokoni.

Miti ya Gitari imejaa.

Alhamisi, 22 Januari

Gitari ameoa dada yake Njoki. Ndiye aliyeezeka lile paa la jikoni, bila kuombwa. Siwezi kumwomba kokwa mtu kama huyo. Ningelazimika kusema asante.

Kule kiwanda cha kahawa ninakofanya kazi nilisema nina mgonjwa. Saa nne nilikuwa juu ya mti, kokwa sita mfukoni. Gitari akatokea! Nikasema nakagua wadudu. Alifurahi, maskini. "Kumbe wewe ni mtu wa shamba! Shuka, kuja nikuonyeshe." Nimekagua wadudu kwenye miti arobaini na mmoja. Nimeshika ngazi. Nimebeba pampu ya dawa mpaka mgongo ukakataa. Kisha akanipa chai na nduma, akanisifu mbele ya mke wake. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kikombe kizima.

Ijumaa, 23 Januari

Makadamia machanga hukatika kama sabuni. Kwa nini nimeteseka na magumu miaka yote hii? Nusu ya kokwa kubwa imekuwa kichwa, nusu ya kokwa ndogo imekuwa kofia. Nilimtumia Kirimi picha. Akaandika, "Hapo sawa." Kutoka kwa Kirimi hiyo ni nishani. Kisha akauliza makadamia nimetoa wapi mwezi huu. Nikamtumia picha nyingine ya kofia.

Rangi ilikawia kukauka, nikakiweka kando ya jiko. Nilikitazama muda mrefu. Ni kizuri, kweli kizuri. Kesho sitatafuta kiti cha nyuma.

Jumamosi, 24 Januari

Mukimo, mbuzi wawili, sala mbili ndefu. Nikaitwa mbele na kifaru changu ndani ya jani la mgomba. Nikafungua.

Kichwa kilikuwa kimenywea kama nyanya iliyosahaulika. Ufa kutoka mbele hadi nyuma. Kofia imedondoka kwenye jani. Mtoto yeyote wa huku anajua kwamba makadamia machanga hunywea yakikauka. Mimi ni mtu wa Mikinduri. Sisi tunajua miraa.

Nikasema, sijui nani alinituma, kwamba nimekionyesha kikiwa kimepigwa na Wajapani. Kwa ajili ya historia.

Mama alikipapasa polepole. Kidole chake kikaingia kwenye ufa, kikakaa humo. "Sasa kama kilipigwa hapa," akaniuliza, "baba yangu alirudi aje?" Machozi yakamtoka. Nimewahi kuona haya maishani, lakini haya ya leo ni ya aina nyingine.

Gitari aliinuka. Akaokota kofia kwenye jani, akaiweka mahali pake, akakiongoza kidole cha mama hadi juu. "Hakikupigwa, mama. Ni makadamia tu, ilikuwa changa. Kofia ndiyo hii." Mama akaishika. Akasema, hapo, hapo ndipo baba alikuwa anaangalia. Akatabasamu. Kisha akauliza hayo makadamia machanga ni ya nani.

Gitari akasema ni yake, na ni yeye aliyenipa. Afadhali angenipiga kofi.

Jumapili, 25 Januari

Kanisani Gitari amenisalimia kama kawaida. Haivumiliki.

Mama amelala na kifaru kando ya kitanda, kofia imefungwa kwa uzi. Baada ya wiki mbili anapasuliwa macho. Amemwambia Njoki kwamba bandeji ikitolewa, kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni kifaru cha baba yake.

Njoki ananishauri nimwambie mama ukweli, ningoje makadamia yakomae, halafu nimwombe Gitari kwa mdomo wangu kama watu wengine. Amesema haya yote kwa upole. Ana haki kabisa. Nimemwambia hivyo.

Lakini wiki mbili ni wiki mbili. Na leo wakati wa sala ya mwisho niliona, kupitia dirisha, kwamba Gitari ana mti wa arobaini na mbili, pale bondeni nyuma ya kanisa. Huo hakunionyesha. Kokwa zake ni kubwa, mviringo safi. Bado ni changa, sawa. Ila safari hii sitaziweka kando ya jiko. Nitazikausha kivulini.