Kusawazisha Matairi ya Kiboko

Jumatatu, 4 Agosti

Vita vimeanza. Asubuhi Wachuka alitoka nje na kikombe chake cha chai, akamzunguka Kiboko, akainama kutazama matairi, kisha akanyanyuka na uso umekunjamana. Kiboko ni gari langu. Zito, huvuta kwa magurudumu yote manne, na hapa mtaani Free Area hakuna mwanaume mwenye gari kama hilo. Mke wangu haoni hivyo. Alisema Jumamosi tunapeleka mahari Ndabibi, ya Kinyanjui, mtoto wetu wa kwanza, na Kiboko akituaibisha njiani, kwenda au kurudi, atauzwa. Hakuwa ananitisha. Gari limeandikishwa kwa jina lake.

Kusema kweli, matairi hayapendezi. Ya nyuma yamelika katikati tu, kingo zake nzima. La mbele kushoto limelika upande wa ndani mpaka linang'aa. Nilimweleza kwamba hiyo ni kawaida ya magari mazito. Akasema hapana, ni kawaida yangu ya kujaza upepo hadi gari linaonekana limevaa viatu vya kisigino.

Uongo! Nilijaza kidogo tu, siku ile binamu yangu Njuguna alipokuja na pikapu yake mpya ya milango minne, ikawa ndefu kuliko Kiboko. Mtu atakubalije kutazamwa kutoka juu na binamu?

Kiboko hauzwi. Nimeapa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Odongo, fundi wa matairi kando ya barabara ya Nairobi. Aliyagusa yote manne akitikisa kichwa. "Mzee, hizi za nyuma umejaza pressure mob sana. Hii ya mbele nayo ni alignment, magurudumu hayajanyooka. Wacha gari hapa nirekebishe." Niliache? Mafundi wote ni hivyo, ukiwaachia gari wanakuletea na matatizo mapya.

Lakini Odongo aliropoka jambo moja bila kujua thamani yake. Alisema upepo ukizidi, tairi hulika katikati. Ukipungua, hulika kingoni.

Nilitabasamu. Nikawasha gari.

Katikati kumeshalika, sivyo? Basi nikipunguza upepo, kingo nazo zitalika, na tairi litakuwa sawa kote! Watu wamesoma mpaka vyuo vikuu na hawajawahi kufikiria hivi. Nimetoa upepo jioni, tairi baada ya tairi, kwa kijiti cha kiberiti. Sauti tamu ajabu. Hata lile la akiba nimelitoa upepo, ili lisije likajiona bora kuliko wenzake.

Jumatano, 6 Agosti

Leo ni zamu ya lile la mbele kushoto. Fikra yangu: limeelemewa. Linahitaji kupumzishwa, uzito uhamie kulia. Mimi dereva niko kulia tayari, ila peke yangu sitoshi. Nikamwita jirani yangu Ogada, mtu wa mwili mkubwa na roho nzuri, nikamketisha nyuma yangu.

Tulikwenda mpaka Lanet, tukarudi, tukaenda tena. Ogada aliuliza tunamtafuta nani. Nikamwambia ni mambo ya kiufundi. Alisema mambo ya kiufundi yanamtia njaa, ikabidi tusimame ale chapati na maharagwe. Kila tulipopita mataa alinisihi nimruhusu ahamie upande wa pili, jua linamchoma. Nilikataa. Utafiti ni utafiti.

Jioni nimekagua. Tairi halijabadilika. Ogada ameongezeka.

Sikati tamaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Kikao cha familia sebuleni kwangu. Desturi yetu ni kwamba wageni wa mahari hawaingii mmoja mmoja kama wateja wa duka. Tunasubiriana njiani, kisha tunaingia kwa wakwe kwa msafara mmoja, na gari la kwanza hubeba wazee na msemaji wetu. Nilikuwa nimeshafagia ndani ya Kiboko kwa ajili yao.

Wazee wamechagua pikapu ya Njuguna. Eti ni mpya. Kiboko abebe zawadi za wakwe, yaani tanki la maji, sukari, unga na mablanketi, na akae mkiani.

Mkiani! Mimi, baba wa bwana harusi!

Wakati wa kuondoka Njuguna alisimama mbele ya matairi yangu. "Niaje cuzo, umepata pancha zote nne?" Wote wakacheka, Wachuka akiwemo.

Jumamosi, 9 Agosti, adhuhuri

Naandika nikiwa Ndabibi, nyuma ya jiko la wakwe, nyama bado iko mkononi. Lazima niandike!

Njiani tulikwenda polepole mkiani. Karibu na Gilgil kulikuwa na harufu ya mpira unaoungua. Nililishuku lori lililokuwa mbele, nikafunga dirisha.

Kisha tukaacha lami. Vumbi la huku ni laini kama unga na lina kina. Pikapu ya Njuguna iliingia kwa mbwembwe, matairi yakiwa magumu kama mawe. Ikachimba, ikazama. Wazee wakashuka na suti zao, vumbi likawafika kwenye soksi. Nami nikapita pembeni! Matairi ya Kiboko yalijitandaza juu ya vumbi kama chapati kwenye kikaango, na tanki la wakwe juu ya keria ya paani!

Wazee waliingia kwangu, wakaketi juu ya mablanketi. Niliingia wa kwanza langoni, kina mama wakiimba, shangazi zake Mugure, bibi harusi, wakipiga vigelegele mbele ya boneti. Wachuka alinigusa bega. Aliniita Baba Kinyanjui kwa sauti ambayo sijaisikia miaka mingi. Nilitaka kulia.

Njuguna, aliyefika baadaye pikapu yake ilipovutwa kutoka vumbini, muungwana kwa mara ya kwanza, alikiri kwamba upepo mdogo husaidia kwenye vumbi. Aliendelea kusema kitu kuhusu kujaza tena nikifika kwenye lami, lakini wakati huo walikuwa wanagawa mbavu.

Jumapili, 10 Agosti

Tairi la nyuma limepasuka. Jana, tukirudi, kabla hatujafika Gilgil. Nilikuwa naendesha kama mshindi, nikiwapita watu. Mlio mkubwa, Kiboko akayumba, wazee wakaanza sala. Ukuta wa tairi umechanika pande zote, vipande vyake vimebaki barabarani.

Tukatoa tairi la akiba. Limelala kama mkate bapa. Njuguna akauliza nani alilitoa upepo. Nikasema ni hali ya hewa.

Wote walihamia pikapu, mimi nikabaki na Kiboko kusubiri wa kumvuta hadi nyumbani. Wachuka alikaa mbele. Alinitazama tu kupitia kioo, kisha akafunga mkanda.

Jumatano, 13 Agosti

Kiboko aliuzwa jana. Mnunuzi ni Kipyegon, mkulima wa Njoro. Alikuja na matairi mapya na fundi wake, Odongo huyo huyo, akamwambia amnyooshee magurudumu. Wachuka alitia sahihi. Nilishika mlango wa gari mpaka Kipyegon akaniomba niuachilie. Alipokata kona, nililia. Naam, nililia, na Ogada aliniona.

Usiku kucha nimelitafakari jambo hili, na sasa naona wazi kosa lilikuwa wapi. Si upepo. Si mimi. Ni kwamba matairi yalikuwa manne tu! Yatawezaje, masikini, kubeba tanki, wazee na matumaini ya mtu? Kila moja lilikuwa na kazi nyingi mno.

Kuna mtu Lanet anauza lori la matairi kumi. Kumi! Yakilika vibaya matatu, yanabaki saba ya kusawazisha. Wachuka yuko kanisani mpaka jioni. Nimeshachukua kiberiti, na Ogada ananisubiri langoni. Nimemwambia safari hii atakaa kushoto.