Vita vya Chupa ya Kumi na Saba

Sogeeni karibu, enyi wote mliowahi kunyamaza mezani kwa sababu mkubwa ameshasema, mtulize watoto na mzime redio, kwa maana ninakusudia kuwahadithia habari za Ottavia Brusasco, Ottavia mwenye pua isiyosinzia, binti wa fundi viatu wa Asti, na jinsi alivyoinua mkono wake wa kuume mbele ya kadamnasi akaomba chupa nyingine. Watakuwapo wa kusema kwamba hilo ni jambo dogo. Hao hawakuwapo Castelrosso asubuhi ile ya Machi, wala hawakumjua Leandro Quaglia.

Quaglia huyo, mfalme wa bilauri, mwenye ndevu nyeupe na tai nyekundu, alikuwa ametawala mvinyo wote wa Italia katika jarida moja la Torino kwa miaka thelathini na mmoja. Aliyepewa naye alama tisini alitembea barabarani katikati. Aliyepewa chini ya themanini hakuchapishwa kabisa, na mwaka wake wa jasho, wa kupogoa mizabibu kwenye baridi na kuombea mvua ya mawe ipite mbali, ukawa kama haukuwahi kuwapo. Sasa mfalme alikuwa anastaafu, na ni yeye mwenyewe aliyemwambia mhariri kwamba kiti apewe yule binti wa Asti. Mhariri alikubali kwa shingo upande, akampa Ottavia miezi mitatu ya kujaribiwa, na hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi ya kwanza.

Basi majeshi yakapangwa katika ukumbi wa manispaa. Chupa sitini za Barolo, mvinyo mwekundu wa vilima vile, zilisimama safu kwa safu, kila moja imevishwa soksi nyeusi hadi shingoni na kubandikwa namba, ili mwonjaji asijue ni ya nani na asimpendelee shemeji yake. Wenye chupa hizo, wakulima wa vilima vyote vya jirani, walifungiwa nje uani, wakivuta sigara kama watu wanaosubiri mke ajifungue. Mpishi wa chini alikuwa ameapishwa asikaange kitunguu saumu hadi saa sita. Mezani alikaa Quaglia katikati, Ottavia kuliani kwake, na waonjaji wanne wenye kalamu nzuri kushotoni, ambao kazi yao kwa miaka mingi ilikuwa kusubiri Quaglia aseme, kisha kuandika alichosema.

Na hapa sharti niwaeleze sheria ya kale. Kila mkulima huleta chupa mbili. Moja hunywewa, ya pili hukaa akiba, kwa sababu kizibo huweza kuwa na ugonjwa, na kizibo kikiugua, mvinyo wote ulio chini yake hunuka gazeti lililolala mvuani, nalo si kosa la mkulima. Mwonjaji akiinusa harufu hiyo, huomba chupa ya pili, na mambo huisha. Lakini kwa miaka tisa hakuna aliyeomba. Sauti ya kuomba ilikuwa imesahaulika katika ukumbi ule.

Chupa kumi na sita zikaanguka bila msiba. Ikaja ya kumi na saba. Fiorenzo Bogetti, mlinzi wa kizibuo, mwenye tumbo la heshima na glavu nyeupe, akaimimina kwa adabu. Quaglia akazungusha bilauri, akaonja, akatema kwenye ndoo kwa shabaha iliyomfanya maarufu hadi Sicilia, kisha akanena.

"Huu umechoka. Hauna tunda, hauna mbele wala nyuma. Nimewahi kuonja maji ya kuoshea mapipa yenye moyo kuliko huu. Sabini na nane."

Kalamu nne zikaandika sabini na nane.

Ottavia akatia pua. Gazeti lililoloa. Akanusa tena, akapata kadibodi na stoo ya shule iliyofungwa likizo nzima. Mtoto mdogo angeisikia harufu ile kutoka mlangoni, achilia mbali jemedari wa mvinyo. Akamtazama Quaglia kwa pembe ya jicho, akakumbuka kwamba tangu asubuhi mzee alikuwa anazungusha bilauri vizuri sana, anaiinua vizuri sana, lakini kifua chake hakivuti pumzi. Alikuwa anaipitisha chini ya pua kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyokwisha kuhama. Mzee hakuwa na pua tena.

Ottavia alihuzunika, nami nalisema neno hilo lilivyo. Tangu ana miaka kumi na minne alikuwa anakata safu za mzee huyu kutoka kwenye jarida na kuzibandika nyuma ya duka la baba yake, juu ya viatu vya watu. Akisema, atamwaibisha mtu aliyempa kiti, na huenda kiti chenyewe kikaondoka kabla hajakizoea. Akinyamaza, kuna mtu pale uani, hajui ni nani, anayefutwa kwa ugonjwa ambao si wake, na karatasi ya kumfuta itatoka na sahihi ya Ottavia. Moyo wake ulipigana vita hivyo kwa muda wa kutafuna kijiti kimoja cha mkate mkavu. Kisha mkono ukapanda.

"Fiorenzo, naomba chupa ya pili ya kumi na saba. Hii kizibo chake kinaumwa."

Kalamu nne zikatazamana. Fiorenzo akavua glavu moja, akaivaa tena, akatoa hotuba.

"Bi Ottavia, chupa ya pili si ya kuchezea. Ni ya vita, ni ya tetemeko la ardhi. Miaka tisa nimekishika kizibuo hiki, na mashujaa wamekaa hapo ulipokaa, hata mmoja hakunisumbua. Mwalimu ameshasema umechoka. Sasa sisi ni nani hata tuuamshe?"

"Iko wapi, Fiorenzo?"

"Ipo."

"Nimeuliza iko wapi."

"Kwenye gari langu," akasema Fiorenzo, na sauti ikawa ndogo kuliko tumbo.

Ikabainika, kwa maswali machache, kwamba chupa za akiba, zote sitini, zilikuwa zimeshapakiwa tangu alfajiri kama kila mwaka. Jumapili binti yake alikuwa anapata komunyo ya kwanza, na wageni walikuwa wengi. Hakuona kuwa ni wizi. Kitu kisichoombwa miaka tisa, kwa hesabu yake, kilikuwa chake tayari.

Hapo Ottavia mwenye pua isiyosinzia akasimama, akashuka pamoja naye ngazi ishirini na tatu, akapita uani katikati ya wakulima sitini waliovua kofia kwa hofu, maana hawakuwahi kumwona mhakiki akitoka kabla ya chakula. Mmoja akamuuliza Fiorenzo kuna nini. Fiorenzo akajibu kwamba wanatafuta tairi la akiba. Chini ya blanketi, kando ya kiti cha mtoto, akiba yote ililala ndani ya soksi zake. Ottavia akaichukua ya kumi na saba, akamwambia Fiorenzo kwa upole zilizobaki azipandishe ukumbini, na Fiorenzo akazipandisha kwa safari kumi, na kila safari alikuwa mtu mwema zaidi.

Kizibo kikatoka. Ottavia akanusa, akafumba macho, akasogeza bilauri kwa Quaglia. Mzee akaonja. Akakaa nao mdomoni muda mrefu, na safari hii hakutema.

"Ulimi unaniambia uko hai," akasema polepole, akimwinamia ili wale wanne wasisikie. "Mwanangu, mvinyo huu unanukia nini?"

"Waridi lililokaukia ndani ya kitabu, Mwalimu. Lami ya barabara jua linapoipiga. Na kwa mbali, ganda la chungwa."

"Chungwa," akarudia. Macho yake yalilowa. "Ni ile homa ya mafua, mwaka ule wa theluji nyingi. Nilidhani pua itarudi. Miaka tisa, Ottavia. Wale wa sabini na nane, wangapi walikuwa wanaumwa tu?"

"Sijui, Mwalimu. Lakini huyu wa kumi na saba amepona."

Quaglia akatoa kalamu yake, akaikata sabini na nane kwa mkono wake mwenyewe, akaandika tisini na tatu. Kalamu nne, hima, zikaandika tisini na tatu.

Ikamiminwa ya kumi na nane. Mzee akaisukuma bilauri yake kando, akamwashiria Ottavia aseme wa kwanza. Vichwa vinne vikamgeukia, kalamu juu, tayari. Naye akausikia utamu wa jambo lile, msimwone malaika: ilitosha aseme namba yoyote, na ingekuwa kweli kwa miaka thelathini na mmoja mingine. Akaifunika karatasi yake kwa kiganja.

"Mimi sisemi kitu mpaka kila mtu atie pua yake ndani ya bilauri yake."

Wakatazamana. Mkubwa wao, mwenye miwani ya dhahabu, akauliza, "Hata mimi?"

"Hata wewe, mzee wangu."

Basi na ichongwe juu ya mlango wa manispaa ya Castelrosso, na watoto wa shule waikariri: kwamba siku ile, saa tano na dakika arubaini asubuhi, bila kushurutishwa kwa upanga wala kwa mzinga, waonjaji wanne wa mvinyo waliinamisha vichwa, wakavuta pumzi, wakanusa mvinyo.