Boti Yangu Itainuka Yenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Wiki yangu imefika. Karakana inachagua boti mpya ya uokoaji, na zimebaki mbili tu. Moja nimeichora mimi: pua ndefu, kiuno chembamba, inapendeza hata ikiwa juu ya magogo. Ya pili kaichora shemeji, kaka wa mke wangu. Fupi, ina tumbo. Tunaiita Kitumbo. Yaani mimi ndiye ninayeiita hivyo, wengine wamezoea.

Mtihani wenyewe si mgumu kueleza. Kreni inaipindua boti majini mpaka chini kuwe juu, kisha wote tunangoja. Inatakiwa ijigeuze yenyewe ndani ya sekunde kumi na mbili. Isipoweza, basi wanaokwenda kuokoa nao watahitaji wa kuwaokoa.

Na nahodha wa kikosi cha uokoaji ni nani? Mke wangu. Ndiyo maana nataka kushinda. Bahari ikichafuka, nataka awe ndani ya boti yangu, si ya kaka yake. Kaka yake ameshamfanyia mengi, hata baiskeli alimfundisha yeye. Na mimi niachiwe kitu!

Tatizo moja dogo. Modeli yangu, ile ndogo ya kujaribia kwenye tangi la maji, iligoma kuinuka mara moja kati ya tano. Ililala tu kama mtu asiyetaka kwenda kazini. Baadaye nikapandisha paa la kibanda cha boti kwa kiganja kimoja, hewa iwe nyingi juu. Naamini imetosha. Sijajaribu tena. Mwenye imani hajaribujaribu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango! Jaribio la kesho halina watu. Kwenye viti vinane inafungwa mifuko minane ya mchanga, kila mmoja kilo themanini. Kreni ina mizani, na Mkaguzi ni mama asiyetania, anavaa saa ya kuhesabia sekunde shingoni kama wenzake wanavyovaa mkufu. Ukiongeza hata ndoo moja atajua. Lakini mizani inajua uzito ni kiasi gani. Haijui uko wapi.

Wenzangu walipokwenda kula, nikaingia. Mifuko minne nikaipunguza mchanga nusu kwa nusu. Mchanga ule nikautia katika vifuko vidogo, nikavifunga imara chini ya sakafu, kwenye mkuku kabisa, ule mti wa chini unaobeba boti nzima. Mifuko mikubwa nikaijaza sponji. Uzito ule ule, mahali pazuri zaidi.

Nimekosa chakula cha mchana. Mgongo hautaki kunyooka. Mke wangu kanikanda jioni, akauliza nimebeba nini. Nikamwambia nimebeba majukumu.

Jumatano, 5 Machi

Kitumbo: sekunde nane. Yangu: TANO! Mkaguzi aliitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni.

Nilijiandaa kumwona shemeji akinuna. Hakununa. Alinikumbatia mbele ya watu wote, akasema kwa miaka mingi amekuwa akilala vibaya dada yake akiwa zamu, na kuanzia sasa atalala. Nikampigapiga mgongoni, macho yangu kwenye mifuko.

Kisha Mkaguzi akatangaza kwamba Ijumaa boti iliyoshinda itapinduliwa tena, safari hii ikiwa na watu. Kikosi chote, nahodha mbele.

Nahodha! Mke wangu! Akining'inia kichwa chini ndani ya boti ambayo haijawahi kuinuka kwa haki!

Nikajitolea kushusha mifuko yote peke yangu. Fundi wa kreni akaniuliza kama ninaumwa. Nikarudisha mchanga mahali pake, sponji nikaificha kabatini. Niliwaza kuviacha vifuko kwenye mkuku, lakini mizani ingeonyesha kilo mia na sitini zisizo na mwenyewe.

Jioni mama mkwe akanikalisha kwenye kiti chenye mikono. Miaka kumi na moja ya ndoa, mimi ni mtu wa stuli. Kiti kile ni kizuri sana na sikukifurahia hata kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Kukiri? Hapana. Mtu mzima hakiri kabla ya kumaliza njia nyingine.

Njia ya kwanza. Nilimwambia mke wangu ana kikohozi. Akasema kikohozi ni changu.

Njia ya pili. Nilificha viatu vyake vya kazi juu ya kabati. Akaenda na vya kaka yake, alivyomkopesha kwa furaha.

Njia ya tatu, hii ndiyo yenyewe. Nilimwendea Mkaguzi nikamweleza kwa heshima kwamba boti ya uokoaji bila majeruhi ni basi tu. Lazima mtu mmoja asikae kitini, alale kwenye machela sakafuni. Akakubali! Akaandika kwenye daftari! Akasema kwa kuwa wazo ni langu, majeruhi ni mimi.

Hilo ndilo nililotaka. Mimi nina kilo themanini na tisa, na zote zitakuwa chini. Nikiweza kuongeza mlo mmoja wa jioni, nitafika tisini. Mke wangu ameona nakula kwa mara ya tatu, akasema woga wa mtihani una namna nyingi. Hajui. Akanipa na sehemu yake.

Ijumaa, 7 Machi

Sijala wala kuoga. Naandika hivyo hivyo.

Walinifunga kwenye machela mikanda mitano. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyekaza wa mwisho, akanipiga kofi dogo la shavuni, akaenda kukaa kiti cha mbele. Kreni ikavuta. Dunia ikageuka. Mate yakaelekea puani, mlo wa jioni ukaelekea kooni. Giza, maji yakigonga kila upande, watu saba wakining'inia vitini na mimi juu yao nikiwatazama.

Fundi wa injini akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti. Moja. Mbili. Boti kimya. Nne. Tano, ile tano yangu maarufu. Hakuna. Sita. Nikamwona mke wangu, nywele zimemwangukia kuelekea kwenye paa, ametulia kabisa, anangoja. Ananiamini. Nikaona watoto wetu wawili wakiulizwa shuleni mama yao anafanya kazi gani. Saba. Nane. Hapo nikapiga kelele, nikayasema yote kwa pumzi moja: mifuko, sponji, vifuko, mkuku, kikohozi, viatu viko juu ya kabati, nisamehe, nakupenda.

Tisa, akasema fundi wa injini.

Kumi. Boti ikajikunyata, ikajizungusha, ikakaa wima. Maji yakachuruzika madirishani, mwanga ukaingia. Sekunde kumi! Imefaulu! Kwa haki, bila hila, na mimi nimeshasema!

Fundi wa injini akaacha kuhesabu. Kisha mke wangu, bila kugeuza kichwa:

"Mchanga gani?"

Nje walikuwa wanashangilia, hawakujua lolote. Mke wangu akafungua mkanda wake taratibu. Akasema nimweleze Mkaguzi mimi mwenyewe kabla yeye hajafika gatini, la sivyo atamweleza yeye. Kutoka botini hadi gatini ni hatua kumi na nne. Nikaeleza. Mkaguzi aliandika kurasa mbili na hakupiga kelele, jambo ambalo ni baya zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Jana Kitumbo kilijaribiwa na watu wale wale. Sekunde saba. Kimechaguliwa. Boti yangu imerudi juu ya magogo, bado inapendeza. Mimi nimepewa barua ya onyo na kazi ya kupiga msasa kwa mwezi mzima. Mama mkwe amenirudisha kwenye stuli.

Shemeji alikuja asubuhi. Nilidhani amekuja kunipiga. Akaketi, akasema yeye alijua boti yangu itainuka kwenye sekunde ya kumi au ya kumi na moja. Wiki mbili zilizopita alichukua michoro yangu kwa siri akapiga hesabu zote, paa jipya likiwemo, maana asingemwacha dada yake apande kitu asichokihakikisha. Kilichomshangaza ni ile tano. Alidhani nimegundua jambo ambalo yeye halijui, na alikuwa anaona haya kuniuliza.

Kupekua michoro ya mwenzako kwa siri! Watu wengine hawana maadili. Nikamsamehe lakini, kwa sababu alibeba mandazi na kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu.

Alipoondoka, mke wangu akaja kuketi karibu yangu. Siku mbili alikuwa hajanisemesha zaidi ya chumvi na funguo. Akanishika mkono.

"Mimi ningeingia hata usingekuwepo," akasema. "Boti yako naiamini. Asiyeiamini ni wewe."

Nililia, sifichi. Akanifuta kwa upande wa kanga yake, akasema kila siku anarudi gatini akijua kuna mjinga mmoja amesimama pale akimngoja saa nzima kabla ya wakati, na kwamba hilo linamtosha, boti iwe ya nani. Akaniomba ahadi moja tu: nisimfiche kitu tena. Nikaahidi kwa moyo wangu wote.

Ameenda zamu. Nimekaa nikiyatafakari maneno yake. "Boti yako naiamini." Huyu si mtu wa mtaani. Huyu ni nahodha wa kikosi, na ushahidi wa nahodha unatosha kufungua upya uchaguzi wowote. Nimeshamwandikia Mkaguzi barua nzuri sana kwa jina la mke wangu. Imebaki sahihi yake. Nimeijaribu mara tano kwenye karatasi ya pembeni, na hii ya tano imetoka vizuri kuliko yake.