Filimbi ya Kimya

Habari ilihusu Buffalo, ikatokea Columbus, na Erasmus alikuwa mtu wa mwisho kujua kwamba imeshavuja, ingawa habari yenyewe ilikuwa yake.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, dukani kwa dada Florida, mtaa wa Riverside, hapohapo Buffalo. Kijiwe kilikuwa kimetimia kwenye benchi lake karibu na friza la samaki, chupa ya chai ya tangawizi katikati. Byamungu wa Bukavu, anayeitwa Direkta kwa sababu ghalani kwake anaongoza watu wawili, alikuwa ameinua simu juu, Gatsinzi wa Columbus akiwa upande wa pili. Winifrida wa Morogoro, jina la kijiweni Spika, alikuwa ametoka zamu ya kuhudumia wazee na bado amevaa sare. Erasmus alikaa pembeni na sambusa yake. Miaka sita anakuja hapo hajawahi kubishana na mtu, ndiyo maana wakamwita Kimya.

Mfukoni kwa Erasmus mlikuwa na fomu, ndani ya simu, na fomu ilitaka ajaze idadi ya wageni wake kabla ya saa sita mchana. Miaka mitatu mfululizo alijaza sifuri. Mwaka huu hakutaka kujaza sifuri, lakini kuwaomba watu hawa kulimshinda.

"Gatsinzi, rudilia ile maneno," Byamungu akaiambia simu. "Spika asikie."

"Nasema iko mutu wetu kwa Buffalo, kesho saa nane banamupatia tuzo," simu ikajibu. "Chef yangu wa kazi, bosi, ni mutu wa kule. Ananionyesha foto, ananiuliza, uyu unamujua? Mi naangalia, ni Kimya. Amevaa nguo ya mistari kama punda milia."

"Tuzo ya nini?" Winifrida akauliza.

"Ya kupiga filimbi ku barafu. Iko arbitre, refa wa hoki."

Benchi zima likamgeukia Erasmus. Alikuwa ametia sambusa nzima mdomoni, na kwa muda ikamsaidia.

"Kimya," Byamungu akasema polepole. "Kila siku ya posho, Jumamosi yote, haufikake hapa mbele ya saa tano. Sisi tulisema uko na bibi wa pili kule Lackawanna."

"Mimi nilikataa," Winifrida akasema. "Nilisema yuko North Buffalo."

"Na mi nilikuombea," Florida akaongeza kutoka nyuma ya mizani. "Wiki mingi, kaka. Na kufunga nilifunga."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Erasmus naye akacheka, maana sambusa ilikuwa imekwisha na hakuwa na pa kujificha.

"Kaka, ngoja kwanza," Winifrida akasema akifuta machozi. "Hoki ile ya watu wenye visu miguuni na magongo mikononi?"

"Hiyohiyo."

"Wakipigana, nani anaingia katikati?"

"Mimi. Ila wangu wana miaka minane. Wanaanguka kabla ngumi haijafika."

"Donc," Byamungu akasema, "unaamuka saa kumi na moya, na ile baridi yenye kukatalisha gari kuwaka, unaenda kutukanwa na bazazi ba bengine, bure?"

"Najitolea. Na wanatukana kwa Kiingereza cha haraka, mengi yananipita."

Hapo Byamungu akasimama, na Erasmus akajua kinachokuja. Alikuwa amekisikia kila wikiendi mbele ya televisheni ya duka.

"Bon. Mi sipendake arbitre, na munajua. Mutu akishindwa kucheza, akishindwa kufundisha, akishindwa hata kuuzisha maji ku stade, njo banamupatia filimbi. Kisha banasema uamuzi wa refa ni wa mwisho. Nani alisema? Mi sikusinya karatasi fasi yoyote."

"Direkta, hebu mwache mtu na heshima yake," Winifrida akadakia. "Kaka, ulianzaje?"

Erasmus akaeleza, na wote wakakubali baadaye kwamba hakuwahi kusema maneno mengi hivyo.

"Nilikuwa naendesha mashine ya kusawazisha barafu. Siku moja refa hakuja. Watoto thelathini wameshavaa kila kitu, wanasubiri, wengine wanalia ndani ya kofia zao. Kuna mama mmoja anashika saa ya mchezo, mwaka wa ishirini na sita huu. Akavua filimbi shingoni kwake, akanivisha. Akasema, sheria huzijui, lakini una uso wa mtu asiyependelea."

"Na ulizijua lini?" Florida akauliza.

"Sheria nilizisoma wiki ileile. Kusimama kwenye barafu ndiko kulikonichukua mwaka. Nilikuwa nasimama kwa kugonga ukuta."

Gatsinzi alisikika akicheka kwenye simu, na sauti nyingine nyuma yake.

"Lakini nisikilizeni," Erasmus akasema. "Bila yule mama na saa yake hakuna mchezo. Kuna mzee anafungua milango alfajiri. Kuna wanaofunga kamba za viatu vya watoto, timu zote mbili, mmoja baada ya mwingine. Hakuna anayewakumbuka. Kesho, kwenye sherehe ya kila mwaka ya wanaojitolea, majina yao yatasomwa mbele ya watu, na langu limo. Mimi nimefurahi, jamani. Nimefurahi mno."

"Furahi," Byamungu akasema, "lakini arbitre ni arbitre. Ile mwizi wa Jumapili iliyopita, penaliti ya wazi..."

"Ilikuwa ya wazi kwako tu," Winifrida akasema.

"Spika, vaa miwani."

Basi ikawa ileile ya kila siku: Byamungu akipiga meza, Winifrida akisimama juu ya benchi, Florida akiwatetea watu asiowajua. Saa ya ukutani ilionyesha dakika ishirini kabla ya saa sita. Erasmus akatia mkono ndani ya koti, akatoa filimbi, akapuliza.

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua ndizi aliinua mikono juu.

"Direkta," Erasmus akasema akinyoosha kidole. "Kelele kupita kiasi. Dakika mbili nje, kama kwenye hoki." Akaonyesha kiti cha plastiki kando ya friza.

"Mi?"

"Ukibisha, nne."

Byamungu akamtazama Florida, Florida akatazama mizani. Akaenda, akaketi. Winifrida akawasha saa ya simu yake, na kijiwe kikapata ukimya ambao hakikuwahi kuujua.

Erasmus akautumia.

"Fomu ya sherehe inataka wageni wangu," akasema. "Miaka mitatu nimejaza sifuri. Hapa refa ana jina baya, nikaogopa mtanicheka. Mwaka huu nawaomba mje."

Byamungu akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti.

"Bado sekunde arobaini," Winifrida akasema.

Byamungu akangoja zote arobaini. Kisha akasimama.

"Sifuri?" akasema. "Miaka tatu, sisi tuko hapa, tunakunywa chai moya na weye, na unaandika sifuri? Kimya, mi nasemaka maneno mingi, yote ya mudomo tu. Lakini ile sifuri yako njo kosa. Iko weye unapashwa kuikala apa."

Erasmus akafikiri kidogo, akaona uamuzi ule ni sahihi. Akainuka, akaenda kuketi kando ya friza na fomu yake mkononi. Winifrida akawasha saa upya.

"Ila wanaruhusu wageni wawili tu," Erasmus akasema kutoka kule.

"Babili?" Gatsinzi akauliza kwenye simu. "Sisi tuko kumi na saba mu ma gari mbili, na tumeshapita Erie, tunakaribia kufika. Bandugu ba Louisville balilala kwangu. Mi nilijua tangu siku ya ine, Alhamisi."

"Wawili hawatoshi hata kubeba mfuko wa vitenge," Florida akasema, akaanza kushusha jora la kijani rafuni.

Erasmus akajumlisha na watatu wa kijiweni, akajaza ishirini, akatuma. Jibu la waandaaji likaja kabla dakika zake hazijaisha: je, amekosea kuandika?

Akaandika: "Sijakosea. Uamuzi wa refa ni wa mwisho."

Wote wakaikodolea macho simu ile. Ikalia. "Tutaongeza viti," akasoma, na vigelegele vya Florida na Winifrida vikamfukuza mteja wa ndizi.

"Ishirini?" Byamungu akapaza sauti. "Na Dative, bibi yangu, umemuhesabu? Hii ni wizi, hii ni..."

Erasmus akashika filimbi. Lakini Byamungu alikuwa ameshafika kwenye friza mwenyewe.

"Sogea," akamwambia. "Mi iko na dakika mbili."